Mke Anapotimiza Sitini na Mbili

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Marekani ikiwa bado inachechemea baada ya mdororo mkuu wa uchumi, serikali iliwaajiri watu wasio na kazi ili wafanye ukarani wa aina yake. Walikalishwa mbele ya madaftari ya sensa ya mwaka 1880, yaliyoandikwa kwa wino na kwa hati za kila namna, wakaagizwa watafute kaya zenye mtoto wa miaka 10 au chini yake. Kaya yenye mtoto kama huyo iliandikiwa kadi. Kaya ya watu wazima watupu, au yenye vijana wa miaka 15 tu, ilirukwa.

Mtoto wa miaka 10 mwaka 1880 alikuwa amezaliwa 1870 hivi, kwa hiyo mwaka 1935 alikuwa anaufikia umri wa miaka 65. Mwaka huo huo wa 1935, tarehe 14 Agosti, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyosema kwamba mfanyakazi aliyekatwa mshahara atalipwa pensheni akitimiza umri huo. Lakini authibitishe vipi? Majimbo mengi hayakuwa na utaratibu wa kuandikisha vizazi mpaka karne ya ishirini ilipoingia. Kwetu tunawajua wazee waliozaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, na tunadhani ni mambo ya kwetu tu. Kumbe fundi mchundo wa Ohio naye alikuwa na Biblia ya familia, yenye majina ya watoto kwenye kurasa za mwanzo, na hana kingine.

Ndiyo maana sensa ikawa shahidi. Sensa ya 1890 isingefaa, kwa kuwa moto uliozuka Washington mwaka 1921 uliiharibu karibu yote. Zikabaki ile ya 1880 na ile ya 1900. Kadi zilipangwa kwa sauti ya jina badala ya herufi zake, maana karani wa 1880 aliandika jina alivyolisikia mlangoni. Smith na Smyth wote waliangukia kwenye alama moja, S530. Wanaotafuta nasaba zao Marekani wanaitumia orodha hiyo hadi leo, na wengi hushangaa kwa nini kaya nyingine za 1880 hazimo. Hazimo kwa sababu watu wake hawakuhusika na mstari wa miaka 65.

Mstari huo nao ulitoka wapi? Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba uliwekwa na Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na miaka 65. Si kweli. Sheria yake ya mafao ya uzee ilipita mwaka 1889, akiwa na miaka 74, na umri uliowekwa ulikuwa 70. Ujerumani ilishuka hadi 65 mwaka 1916, Bismarck akiwa kaburini kwa miaka 18. Uingereza nayo ilianza na 70, katika sheria ya 1908 iliyowapa wazee maskini shilingi 5 kwa wiki.

Wamarekani walikuwa na mazoea yao wenyewe. Mwaka 1904 Theodore Roosevelt, akiwa rais, aliamuru kwamba mwanajeshi mkongwe wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe akifikisha miaka 62 ahesabiwe kuwa amepungukiwa nusu ya nguvu zake, hata kama hana jeraha. Kwa umri huo alilipwa dola 6 kwa mwezi, na akifika 70 alilipwa dola 12. Wajane wao nao walilipwa, na hapo pakafunguka njia ya ndoa za ajabu. Mwaka 1936, huko Missouri, msichana wa miaka 17 aliolewa na mkongwe wa miaka 93 aliyetaka kumwachia pensheni kama shukrani kwa kumsaidia kazi za nyumbani. Hakuwahi kuidai. Alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka 101. Ndoa za namna hiyo ni sehemu ya sababu sheria za pensheni huuliza, baada ya umri, ndoa yenyewe imedumu muda gani.

Kamati iliyoandaa sheria ya 1935 iliongozwa na Frances Perkins, waziri wa kazi na mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani. Nje ya ofisi yake kulikuwa na kelele. Daktari mstaafu wa California, Francis Townsend, alikuwa amezunguka nchi na pendekezo kwamba kila mtu mwenye miaka 60 apewe dola 200 kwa mwezi, kwa sharti azitumie zote ndani ya siku 30. Hesabu zake hazikusimama, lakini wafuasi wake walikuwa mamilioni na walikuwa wapiga kura. Kamati iliangalia pensheni za majimbo yaliyokuwa nazo: karibu nusu yalitumia 65, nusu nyingine 70. Robert Myers, mwanahesabu wa bima aliyeanza kazi hapo akiwa kijana, alieleza baadaye kwamba 60 ilikuwa ndogo mno na 70 kubwa mno, wakakata katikati.

Utasikia pia kwamba 65 ilichaguliwa kwa hila, ili watu wafe kabla ya kulipwa, kwa kuwa wastani wa maisha ya mwanamume wa Marekani wakati huo ulikuwa miaka 58 hivi. Hesabu hiyo ina tundu. Wastani ule uliburutwa chini na watoto waliokufa wachanga, na mtoto mchanga hakatwi mshahara. Mwanamume aliyeifikia 65 katika miaka ile aliweza kutarajia miaka 12 au 13 zaidi, mwanamke karibu 15. Ida May Fuller, katibu wa ofisi ya mawakili huko Ludlow, Vermont, ndiye aliyepokea hundi ya kwanza ya kila mwezi, ya tarehe 31 Januari 1940: dola 22 na senti 54. Alikuwa amekatwa jumla ya dola 24 na senti 75. Aliishi hadi miaka 100, akachukua dola 22,888 na senti 92.

Bi Fuller hakuolewa, na kwa sheria ya 1935 hilo lisingebadilisha kitu. Sheria ile ilimjua mfanyakazi peke yake, mke hakutajwa. Mke aliingia mwaka 1939, kabla hundi ya kwanza haijaandikwa, na aliingizwa na kundi la washauri lililoongozwa na J. Douglas Brown, mwanauchumi wa Princeton. Makato yalikuwa yakijaza mfuko haraka, na wabunge walitaka fedha zianze kutoka mapema na kwa wingi zaidi, bila kupandisha pensheni ya kila mtu. Njia waliyoipata ni kuipa kaya badala ya mtu. Mke mwenye miaka 65 akapewa nusu ya pensheni ya mumewe juu ya ile ya mume. Mjane wa umri huohuo akapewa robo tatu. Mjane mwenye mtoto mdogo akalipwa bila kungoja uzee.

Nyuma ya nusu hiyo kuna picha ya nyumba: mume kazini, mke jikoni, mshahara mmoja. Waliochora picha hiyo hawakuwa wabaya, walichora walichokiona kwa majirani zao. Lakini mke aliyefanya kazi akakatwa mshahara miaka yote hakulipwa mara mbili. Alipewa iliyo kubwa kati ya pensheni yake na nusu ya pensheni ya mumewe, na kwa wengi nusu ya mume ndiyo ilikuwa kubwa, hivyo makato yao yote hayakuwaongezea hata senti.

Halafu kuna mwanamke ambaye hakuwemo kabisa. Sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na takriban theluthi mbili ya wafanyakazi Weusi walikuwa katika kazi hizo. Wanahistoria bado wanabishana kama ni ubaguzi wa wabunge wa Kusini au ugumu wa kukusanya makato jikoni kwa mtu. Kwa mhusika matokeo yalikuwa yaleyale. Mama aliyefua na kupika katika nyumba ya watu tangu ujana hakuwa na haki ya chochote kwa jasho lake, na mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kuajiriwa, alipata nusu kwa namba ya mumewe. Watumishi wa nyumbani walianza kuingizwa kwa sheria ya 1950, wengine wakafuata kwa ile ya 1954.

Sasa tufike kwenye 62. Mume alitimiza 65 akastaafu, mkewe akiwa na 62 au 61, kwa kuwa huko kama kwetu wanaume walioa wanawake waliowazidi umri kwa miaka kadhaa. Nusu ya mke haikutoka mpaka naye atimize 65. Kaya iliyoahidiwa pensheni moja na nusu ikaishi kwa pensheni moja kwa miaka mitatu, na mume mwingine akalazimika kubaki kiwandani akisubiri umri wa mkewe. Mwaka 1955 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuwashusha wanawake wote hadi 62, kwa malipo kamili. Seneti ikaona gharama ikarudi nyuma. Sheria aliyoisaini Rais Eisenhower mwaka 1956 iliwapa wajane malipo yao kamili wakiwa na 62. Mfanyakazi mwanamke na mke wa mstaafu waliruhusiwa kuanza umri huo, lakini kwa kupunguziwa. Mfanyakazi alipoteza asilimia 20 na mke asilimia 25, tena si kwa miaka mitatu bali kwa maisha yake yote. Kwa hiyo mke wa miaka 62 alipata asilimia 37.5 ya pensheni kamili ya mumewe badala ya 50.

Kwa maoni yangu hapo ndipo jengo zima lilipogeuka, ingawa wakati huo halikuonekana hivyo. Mlango mdogo ulitobolewa kwa ajili ya mke, na miaka mitano baadaye mume akapita humohumo. Mwaka 1961, kukiwa na ukosefu wa ajira na wanaume wa miaka 60 na kitu wakifukuzwa kazi bila matumaini ya kuajiriwa tena, Rais Kennedy alisaini sheria iliyowaruhusu nao kuanza 62 kwa kupunguziwa. Wengi wakaitumia, na kwa miongo kadhaa umri ulioongoza kwa watu kuanza kuchukua pensheni Marekani ukawa 62. Vitabu vya sheria viliendelea kuita 65 umri wa kustaafu.

Uamuzi wa mume kuanza 62 haukuzikwa naye. Tangu 1972 mjane aliyengoja umri kamili aliweza kurithi asilimia 100 ya pensheni ya mumewe, lakini ikiwa mume alianza mapema, urithi huo unawekewa dari: mjane hupata kile ambacho mume angekuwa anakipata, au asilimia 82.5 ya pensheni yake kamili, chochote kilicho kikubwa. Mwanamume mwenye maumivu ya mgongo alijaza fomu siku moja asubuhi, na mkewe akaishi na jibu lake miaka 20 baada ya mazishi.

Kwa waliotalikiwa sheria ilikuja polepole zaidi. Mwaka 1965 mtalaka alipata haki kwa pensheni ya aliyekuwa mumewe iwapo ndoa ilidumu miaka 20. Mwaka 1977 muda huo ukashushwa hadi 10. Ndoa ya miaka tisa na miezi kumi na moja haina kitu.

Na mume wa mke mfanyakazi? Tangu 1950 aliweza kudai, ila kwa sharti ambalo mke hakuwekewa: athibitishe kwamba angalau nusu ya riziki yake ilitoka kwa mkewe. Leon Goldfarb wa New York alikumbana na sharti hilo. Mkewe Hannah alikuwa katibu katika shule za umma kwa karibu miaka 25, akikatwa mshahara kama kila mtu. Alipofariki mwaka 1968, mumewe aliomba mafao ya mgane akakataliwa. Kwa hesabu za sheria, Hannah alipaswa kuwa amejilisha mwenyewe kisha akamlisha mumewe kwa nusu, yaani awe ameleta robo tatu ya mapato ya nyumba. Mume angekuwa ndiye aliyekufa, Hannah asingeulizwa swali lolote.

Wakili aliyesimama kwa ajili yake mbele ya Mahakama ya Juu alikuwa Ruth Bader Ginsburg. Alikuwa ameshashinda kesi inayofanana na hiyo mwaka 1975, ya Stephen Wiesenfeld, aliyebaki na mtoto mchanga baada ya mkewe mwalimu kufa akijifungua na akanyimwa mafao ambayo mama mjane angepewa. Hoja ya Ginsburg ilikuwa kwamba anayebaguliwa kwanza ni mke aliyefariki, kwa kuwa makato ya mshahara wake yalinunua ulinzi mdogo kuliko makato ya mwanamume. Machi 1977 majaji walikubaliana naye katika kesi ya Goldfarb, watano kwa wanne.

Goldfarb alikuwa mstaafu wa serikali kuu mwenye pensheni yake nyingine. Bunge likahofia wanaume wengi wa namna hiyo kuingia mlangoni, na mwaka huohuo likaweka kanuni ya kukata mafao ya mwenzi au mjane kwa mtu anayelipwa pensheni ya utumishi wa umma ambao haukukatiwa Hifadhi ya Jamii. Mwanzoni dola kwa dola, baadaye theluthi mbili. Iliwalenga waume, lakini walioumia kwa wingi walikuwa wajane: walimu wa majimbo ambayo shule zake zina mifuko yake yenyewe, waliodhani wangerithi kwa mume aliyefanya kazi kiwandani. Kanuni hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, hadi Rais Biden alipotia saini kuifuta tarehe 5 Januari 2025.

Mwaka 1983 mfuko ulikuwa umebakiza miezi tu kabla ya kukauka. Tume iliyoongozwa na Alan Greenspan ilikubaliana juu ya makato na kodi, lakini juu ya umri ikashindwa kuafikiana, ikalitupia Bunge. Jake Pickle wa Texas akapendekeza 65 ipande polepole hadi 67. Aliyempinga alikuwa Claude Pepper wa Florida, mwenye miaka 82, aliyetaka afadhali makato yaongezwe huko mbele. Pepper alishindwa. Umri ukapandishwa kwa hatua za miezi miwili miwili, na hatua ya kwanza iliwagusa waliozaliwa 1938, watu waliokuwa na miaka 44 au 45 siku kura ilipopigwa. Wengi hawakulalamika, pengine kwa sababu miaka 20 mbele ni mbali mno kukasirikia. Aliyezaliwa 1943 hadi 1954 alipewa 66. Aliyezaliwa 1960 au baadaye, 67.

Ile 62 haikuguswa, ila ilifanywa ghali zaidi. Anayeanza 62 wakati umri wake kamili ni 67 anapoteza asilimia 30 badala ya 20. Mke aliyepata asilimia 37.5 ya pensheni ya mume kwa sheria ya 1956 sasa anapata 32.5. Na anayengoja mpaka 70 anaongezewa asilimia 8 kwa kila mwaka baada ya umri wake kamili, lakini nyongeza hiyo ni ya mfanyakazi na mjane wake tu. Nusu ya mke wa mtu aliye hai haikui baada ya umri kamili hata angoje mpaka 80.

Wajanja walipata upenyo hapo. Kwa sheria ya mwaka 2000 mume aliweza kuomba pensheni ili mkewe afunguliwe nusu yake, kisha akasimamisha ya kwake iendelee kukua. Bunge liliziba upenyo huo Novemba 2015, na ujanja mwingine wa karibu nao, wa kuchukua nusu ya mwenzi huku ukiiacha ya kwako ikue, likawaachia wale tu waliozaliwa kabla ya tarehe 2 Januari 1954.

Tarehe 2, si tarehe 1? Sheria ilisema waliotimiza 62 kufikia mwisho wa 2015, na Hifadhi ya Jamii inafuata kanuni kongwe ya Kiingereza kwamba mtu hutimiza mwaka siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kanuni si wazimu. Siku uliyozaliwa ndiyo siku yako ya kwanza duniani, kwa hiyo siku ya mwisho ya mwaka wako ni ile inayotangulia kumbukumbu yake. Aliyezaliwa 1 Januari 1954 alitimiza 62 tarehe 31 Desemba 2015, akapenya. Kwa kanuni hiyohiyo, kila aliyezaliwa 1 Januari anahesabiwa katika jedwali la waliozaliwa mwaka uliotangulia.

Hilo linawagusa wasemaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani kuliko wanavyojua. Wakimbizi wa Kongo waliopelekwa huko kutoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale ni maelfu kwa maelfu, na wengi wana siku moja ya kuzaliwa: 1 Januari. Kambini mtu aliulizwa amezaliwa lini, akautaja mwaka, na palipotakiwa siku na mwezi karani akajaza vya kwanza kwenye kalenda. Karatasi ikawa hati ya safari, hati ikawa kadi ya ukaazi, kadi ikawa namba ya Hifadhi ya Jamii. Mwenye kazi ya kufungasha nyama akikamilisha robo 40, yaani miaka 10 ya makato, amepata haki ya pensheni, na mke wake ambaye hakufikisha robo hizo anaingia kwa namba ya mumewe, kuanzia 62.

Chukua mwanamke kama huyo ambaye karani wa kambi alimwandikia 1 Januari 1960. Ofisi ya Marekani itamhesabu kuwa wa 1959, ambao umri wao kamili ni miaka 66 na miezi 10, na nusu yake nzima itafunguka Oktoba 2026. Jirani yake wa ghorofa ya chini, aliyezaliwa hospitalini na cheti chake kinasema 2 Januari 1960, atangoja mpaka Januari 2027.